Funza wa Mzee Malando

Mmeniomba niandike jinsi kazi yetu ya kuchora mimea na kuitengeneza kwa vigae ilivyoanza hapa Bariadi, na mkasisitiza niandike mambo ya maana. Ya maana nimeyasahau mengi. Ninachokumbuka vizuri ni koleo, sinki la choo lililovunjika, na funza mmoja wa pamba. Kwa kuwa funguo za karakana nimeshawakabidhi, na vidole vyangu siku hizi haviwezi kushika kigae kidogo bila kukiangusha, nitaandika hayo. Ya maana mtajaza wenyewe.

Niliingia kazini nikiwa binti kutoka Shishiyu, na sanduku langu la bati. Simiyu wakati huo lilikuwa jina la mto tu, mkoa wenyewe ulikuwa haujazaliwa. Chama cha ushirika kilikuwa kinatafuta mtu wa kuchora mabango ya kilimo: mpamba na wadudu wake, mtama, dengu, na miti ya ngitili, yale malisho tunayoyafunga ili ng'ombe wapate majani wakati wa kiangazi. Nilijua nitapewa meza na kiti. Nilipewa jembe.

Aliyenipa jembe alikuwa Mzee Malando, mchoraji wa ushirika, mtu wa Kalemela. Alikulia kando ya ziwa na alikuwa hapendi samaki, jambo ambalo alilieleza kwa kila mgeni kama vile ni shahada. Kazi alianzia kiwandani, akiandika namba kwenye marobota ya pamba, mpaka mtu mmoja akagundua kwamba pembeni ya namba zake kuna majani na maua. Badala ya kumfukuza wakamhamishia kwenye kuchora. Aliniambia niende shambani nichimbe mpamba mmoja nimletee.

Nikaenda, nikaushika shinani, nikaung'oa kwa nguvu kama tunavyong'oa nyumbani. Mzee akautazama, akaniuliza mizizi iko wapi. Nikasema imebaki kwenye udongo. "Basi nusu ya mti umeiacha kule, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. "Kaichukue." Udongo wetu wa mbuga mnaujua ukikauka, ni kama jiwe. Nilirudi jioni na mpamba mzima na malengelenge mikononi, na nikachora mizizi mpaka nikawa naiona usingizini.

Kosa langu la kwanza la kalamu lilikuja baadaye kidogo. Alinipa jani lenye tundu, nikalichora zima, zuri, kama jani la kwenye kitabu. Akaliangalia kwa muda mrefu. "Tundu liko wapi?" Nikamwambia nimeliondoa ili picha ipendeze. "Kumbe wewe ni dawa ya wadudu," akasema, akarudi kwenye kazi yake. Hakunigombeza zaidi ya hapo, lakini sijawahi kuziba tundu la jani tena kwa hiari yangu.

Vifaa vyetu vingewachekesha. Maduka yalikuwa na rafu nzuri sana na juu ya rafu hamna kitu. Brashi nyembamba tulizitengeneza kwa nywele za ndani ya sikio la ndama, ambazo ni laini kuliko za mkia, na ndama akishikwa vizuri hata hakasiriki. Rangi tulipewa ile ya kuandikia marobota, nyeusi na nyekundu, nyingine tuliombaomba misheni. Karatasi ilikuwa mgongo wa kalenda za mwaka uliopita. Nimeona ninyi mnatupa karatasi ikiwa na doa moja, na nimenyamaza kwa miaka mingi, lakini sasa nimestaafu na ninasema: ni ovyo.

Kisha ushirika ukajenga ukumbi. Mwenyekiti alikuwa ameona picha ya vigae kwenye kanisa moja Mwanza, akarudi na wazo kwamba na sisi ukutani tuwe na mpamba, urefu wa ukuta mzima, utazame barabara ili kila apitaye aone dhahabu nyeupe. Vigae hatukuwa navyo. Kijani tulikipata kwenye chupa za soda, na hapo ilibidi tungoje chupa ivunjike kwa bahati mbaya, maana chupa tupu nzima ilikuwa mali na mwenye baa angekuwa radhi umvunje mguu kuliko chupa. Udongo wa chini ya mti tuliutengeneza kwa vyungu vya maji vilivyopasuka, ambavyo akina mama walituletea kwa vicheko. Ua la pamba, kama mjuavyo, hufunguka likiwa na rangi ya maziwa na kesho yake hugeuka la waridi, kwa hiyo tulivunjia pale bakuli mbili za harusi ya mtu.

Nyeupe ndiyo ilitushinda. Pamba iliyofunguka inahitaji weupe wenye kung'aa, na chokaa hufifia. Siku moja nyumba ya wageni ya serikali ikabadilisha choo, na Mzee Malando akaenda kuliomba sinki la zamani akalisukuma kwa baiskeli mpaka kazini. Tulilisafisha, nawaapia. Miaka yote viongozi wamesimama mbele ya ukuta ule wakisifu weupe wa pamba ya kwetu, na mimi nimeitikia kwa heshima.

Jambo ambalo sikuwa nimeliona mapema ni macho ya Mzee. Yalikuwa yanakwisha kwa presha ya macho, na hiyo ikishakula haina kurudisha. Alianza kwa kuniomba nimsomee rangi, baadaye akawa anashika kila kipande kwa kidole na kuniambia kiende wapi. Ukuta ulipofika katikati, mikono iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa yangu peke yake. Alikuwa haongei habari hiyo na mimi sikuuliza. Tulikuwa tunaona aibu wote wawili.

Karibu na mwisho alikuja na kisosi cha kijani chenye mstari mweupe ukingoni. Kilikuwa cha marehemu mkewe, cha chai yake ya asubuhi, na hakikuwa kimevunjika. Alikivunja mwenyewe kwa koleo mbele yangu, kipande kwa kipande. Kisha akapapasa ukuta mpaka akakipata kitumba kimoja upande wa kushoto, usawa wa kichwa cha mtu, akaanza kumtengeneza funza wa vitumba, yule mdudu anayetoboa tunda la pamba kabla halijafunguka. Alifanya kazi kutwa nzima, kwa kidole tu. Ule mstari mweupe wa kisosi ukawa mstari wa ubavuni mwa funza, pale pale unapokaa. Vipande vilivyobaki alivitia kwenye kopo la maziwa akanipa.

"Huyu ndiye wangu," akasema. "Mpamba uliobaki wote ni wako." Niligeuka nikajifanya natafuta ndoo. Tangu siku ile niliitunza picha yote kama kazi, lakini yule funza nilimtunza kama mtu.

Haikuchukua muda funza akaingia hatarini. Kulikuwa na mgeni mkubwa anakuja kuzindua ukumbi, na Mwenyekiti alipokuja kukagua akamwona.

"Malando, mgeni akimwona huyu atadhani pamba yetu ina funza."

"Ina funza, Mwenyekiti."

"Najua. Lakini siyo ukutani."

Akaamuru atolewe. Mzee akajibu kwamba saruji imeshakauka, na kumtoa funza kutaondoka na kitumba, na kitumba kitaondoka na tawi, na mgeni atakuta mti uliokatwa tawi, sasa Mwenyekiti achague. Mwenyekiti alichagua kwa njia ya kiuongozi. Siku ya uzinduzi alisimama pale pale, kofia yake imemziba funza, na hakusogea hotuba nzima hata jua lilipomfuata. Nilimhurumia kidogo. Kidogo sana.

Hatari ya pili ilitoka kwa wakulima, na hii hamtaikuta mkoa usiolima pamba. Mnaijua sheria ya kung'oa: ukishavuna, mipamba yote ing'olewe na kuchomwa, wadudu wasipate pa kulala mpaka msimu mwingine. Asiyeng'oa anapigwa faini. Mkulima mmoja wa Dutwa, Masunga, alikutwa na shamba limesimama, akaitwa kwenye mkutano wa hadhara palepale mbele ya ukumbi ajieleze. Akavua kofia, akaamkia.

"Mwadila, waheshimiwa. Kosa langu nalikubali. Ila huu wa ushirika una maua, una vitumba, na funza anaonekana toka barabarani. Ung'olewe huu kwanza, na mimi nitang'oa wangu."

Watu walivunjika mbavu. Bwana shamba hakucheka, maana alikuwa mtu wa taratibu, na isitoshe wenye mashamba yaliyosimama walikuwa wengi na wote sasa walikuwa wameonyeshwa pa kutokea. Alikaa akafikiri, kisha akaagiza kwamba kuanzia siku ya mwisho ya kung'oa hadi siku ya kugawa mbegu, mpamba wa ukutani utafunikwa. Likaletwa turubai la lori. Kila mwaka, mimi na mlinzi tulipanda ngazi tukaufunika ukuta kwa mujibu wa sheria, na kila mwaka mvua zilipokaribia tukaufunua. Bwana shamba alikuja kukagua kama tumefunika hadi chini.

Nilikwenda kumweleza Mzee Malando, ambaye wakati huo alikuwa hatoki tena nyumbani. Alicheka mpaka akajifuta macho yale yasiyoona. "Kama unaweza kushtakiwa, basi ni mti," akasema. Hakuna sifa nyingine ya kazi yetu niliyoisikia ambayo naiamini kuliko hiyo. Baadaye wanawe walimchukua Kalemela, na mara ya mwisho nilipomtembelea aliniuliza swali moja tu, kama funza bado yupo. Nikamwambia yupo. Alifariki kabla ya masika, na nikalia njia nzima ya kurudi bila kujificha.

Kisha soko likawa huria. Sisi wa ushirika tuliambiwa tuko huru pia, tukapewa barua na kuoneshwa mlango. Kampuni za kununua pamba zikaja kama senene, kila moja na mzani wake, na kila moja ikataka bango. Niligeuka fundi wa kujitegemea kabla sijajua neno hilo. Nilichora vitumba vya pamba kuanzia Bariadi hadi Dutwa na vijiji vya mbele, vyote vinene, vyote vimefunguka siku moja, hakuna hata kimoja kilichowahi kuota duniani. Mara moja nilichora tundu dogo kwenye jani, kwa ajili ya roho yangu. Mteja aliniita nirudi kuliziba, nikarudi nikaliziba. Nikawa dawa ya wadudu kweli.

Tajiri aliyekuwa akinunua pamba kwa fujo zaidi ndiye aliyeuchukua ukumbi wa ushirika. Msimamizi wake, kijana aliyeitwa Ezekieli, aliyevaa viatu vya Mwanza kwenye tope la Bariadi, akanifuata karakana. Tajiri anakuja kugawa mbegu mwenyewe. Ukuta unatakiwa uwe mweupe, juu liandikwe jina la kampuni. Mambo ya ushirika yamepitwa, akasema. Nikamwambia vigae vile ni kioo na sinki, lipu haishiki kwenye kioo mpaka kwanza ugongwe ukuta wote kwa nyundo na patasi, upate makwaruzo.

"Mama Kabula, muda huo hatuna. Piga lipu, paka chokaa."

"Itaanguka, baba."

"Haianguki. Saruji yenyewe ya kiwandani hii."

Nilimrudia neno hilo mbele ya mlinzi, na tena siku ya kuanza, maana nilitaka nisije kulaumiwa. Nilikuwa na nafasi ya kukataa. Lakini nilijua nikikataa ataitwa fundi mwingine, na akiwa fundi mzuri atagonga ukuta kwa patasi kama inavyotakiwa, na hapo hatabaki mpamba wala funza. Ukuta ule ulihitaji kazi mbaya, na kazi mbaya nilikuwa nimeagizwa rasmi. Nikakubali.

Nilipanda ngazi na ndoo. Nilipofika usawa wa kitumba kile, patasi ilikuwa mfukoni, na nikawaza kumbandua funza nimpeleke nyumbani. Angevunjika. Basi nikatoa samli niliyokuwa nimekuja nayo kwenye karatasi, nikampaka mgongo mzima taratibu, kama tunavyompaka mtoto mchanga. Kisha nikapiga lipu juu yake, nikailainisha vizuri kuliko lipu yoyote niliyowahi kupiga. Kule juu nikaandika jina la kampuni kwa herufi nzuri.

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku wa kuamkia siku ya kugawa mbegu, mvua ya upepo, ya kupiga ukuta. Asubuhi wakulima walipopanga foleni ukuta ulikuwa mweupe kama shuka, isipokuwa sehemu moja isiyozidi kiganja, upande wa kushoto, usawa wa kichwa. Hapo lipu ilikuwa imedondoka yote. Katika weupe wote ule alikuwapo funza, kijani, peke yake, chini ya jina la kampuni.

Masunga wa Dutwa alikuwa mbele kwenye foleni. Alivua kofia. Wengine walianza kucheka kimyakimya, kile kicheko cha mabega. Ezekieli alikuwa anaangalia viatu vyake. Tajiri akashuka kwenye gari, akafuata macho ya watu, akasogea hadi ukutani, akakigusa kipande cha pembeni kwa kidole, na bamba zima la lipu likaanguka miguuni pake. Kikatokea kitumba kilichofunguka, weupe unang'aa. Akarudi nyuma hatua chache, akauliza kazi hii ni ya nani, na foleni nzima ikanigeukia. Nilikuwa tayari kwa matusi. Aliniuliza tu kama na iliyobaki itashuka.

"Itashuka yenyewe, tajiri," nikamwambia. "Bado mvua mbili tatu."

Alipiga picha ukuta uliposafika, na msimu uliofuata mifuko yake ya mbegu ikaja na nembo mpya: mpamba wetu, umenakiliwa na mtu wa mjini aliyekuwa makini mno na hakuwahi kukanyaga shamba. Alinakili kila kitu. Hata funza alimdhani ni sehemu ya tunda, akamweka na mstari wake mweupe. Hakuna aliyeniomba ruhusa, na kwa kuwa sikuombwa ruhusa sikuona sababu ya kutoa ushauri. Magari yakaisambaza mifuko ile Shishiyu, Kalemela, kote, kila mfuko na funza wake.

Wakulima walimtambua kabla mfuko haujafunguliwa. Wakaiita mbegu ya funza, na nikadhani kampuni imekwisha. Kinyume chake, foleni ikawa ndefu kuliko za wenzake. Nilimuuliza Masunga sababu. "Wengine wote wanatuapia mbegu zao hazina shida," akasema. "Hawa angalau wameonyesha." Kampuni ile iliondoka baadaye kama zilivyoondoka nyingi, na nadhani mpaka leo hawajui foleni ile ilitokana na nini.

Miaka iliyofuata mnaijua, maana wengi wenu mlikuja humo humo: kuta za zahanati, sakafu ya kanisa, miti ya ngitili tuliyoichora mpaka wazee wakaja kutusahihisha miiba. Ukumbi sasa ni wa harusi na turubai halitumiki tena. Ukuta wetu unasimama mwaka mzima kinyume cha sheria.

Mwaka huu wapiga muziki walikuwa wanashusha maspika wakamgonga funza, kichwa kikatoka. Mlitaka kumtengeneza, nikawaomba mniachie awe kazi yangu ya mwisho. Nililitafuta kopo la maziwa. Vipande vya kisosi vilikuwa bado humo. Nilivikata kwa koleo la Mzee, nikavidondosha, nikavikata vingine. Kisha nikafumba macho nikampapasa mgongo mpaka nikapata pale mstari mweupe ulipokatika, nikauendeleza kwa kidole. Sikufumbua mpaka nilipomaliza. Kichwa kimepinda kidogo, na msikirekebishe.

Jumamosi yake kulikuwa na harusi. Nilikuwa nimekaa ng'ambo ya barabara saruji ikiendelea kukauka. Mpiga picha akawapanga maharusi mbele ya mpamba, akachungulia kwenye kamera, akamwambia bwana harusi asogee kushoto kidogo, kuna mdudu. Kijana akageuka akamtazama yule funza, akasimama palepale alipokuwa.

"Mwache aonekane," akasema. "Wazazi wangu wanamfahamu."